Kipande cha Babu na Magunia ya Dundee

Jumamosi iliyopita nililipa kiingilio cha makumbusho ya Verdant Works, kiwanda cha zamani cha juti hapa Dundee, Uskoti, nikiwa nimekunja uso, kwa sababu fedha ile ingenunua kiroba cha sembe pale Muheza na chenji ikabaki. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku ghalani, ambako mwenzangu mmoja alikuwa ameniambia kwamba kazi yetu ni ya watu wasio na kwao. Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jengo lile lilianza kazi mwaka 1833. Juti, nyuzi za mmea zinazofumwa magunia, ilikuja kwa meli kutoka Bengali, viwanda vya mji huu vikailainisha kwa mafuta ya nyangumi, vikaisokota na kuifuma magunia. Mashine zilipowashwa nilishindwa kuisikia hata sauti yangu, na zile zilikuwa chache tu. Zamani zilinguruma ukumbi mzima, wafanyakazi wakawa viziwi, wakajifunza kuzungumza kwa ishara na kusomana midomo. Wengi wao walikuwa wanawake, kwa kuwa walilipwa kidogo kuliko wanaume, na waume waliokosa kazi wakabaki nyumbani wakiitwa wachemsha birika. Watoto nao waligawa siku yao baina ya darasa na kiwanda. Hao wote walikuwa na kwao, na kwao ni hapa hapa.

Mama mmoja mzee anayejitolea pale alinipa fungu la juti nilishike. Nilipomwambia kwamba babu yangu alitoka Kasulu akawa manamba, kibarua wa mkataba, katika mashamba ya mkonge ya Tanga, akikata majani yaliyopelekwa kwenye mashine ya korona kutolewa nyuzi, alivuta kiti akaniuliza maswali mengi: miiba ile ilichoma wapi, mshahara ulitolewaje, kipande, yaani kadi yake ya kazi, kilikuwa na nini. Kisha akauliza jina la babu, akalitamka mara mbili hadi likakaa sawa. Katika miaka minne niliyoishi hapa, hakuna aliyewahi kuniuliza jina hilo.

Ninyi mnaojiandaa kuja, kazi mtakayoipata huenda ikawa ya kubeba na kusimama usiku kucha. Ulizeni mapema saa na malipo, tunzeni kila hati ya mshahara, na jiungeni na chama cha wafanyakazi wiki ya kwanza, kabla hamjaumia mgongo kama mimi.

Jioni ile nilimpigia baba mkubwa aliyeko Muheza, nikamwomba anitafutie kipande cha babu, kile kilichokuwa na namba yake na alama za siku alizofanya kazi. Alinyamaza kidogo, akasema, “Mwanangu, sanduku lile liliingiwa na mchwa mwaka ule wa mvua nyingi. Kilichobaki ni panga lake la kukatia mkonge, na tunalitumia shambani.” Nimemwomba asilinoe tena, alifunge kwenye kitambaa, nitalifuata mwenyewe Desemba.