Damu yangu ilikuwa nyeupe kama tui

Kijana wa maabara aliniita pembeni akanionyesha kichupa. Damu niliyotolewa asubuhi ilikuwa imejitenga, na pale juu panapotakiwa kuwa na maji ya manjano palikuwa na kitu cheupe, kizito, kama tui la kwanza.

"Mama, ulikunywa chai kabla ya kuja?"

Tangu saa mbili usiku sikuwa nimetia kitu mdomoni ila maji. Majibu yalisema trigliseridi 9.8. Inayotakiwa ni chini ya 1.7.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wa saba naishi na kisukari. Kolesteroli nilikuwa naisikia. Hii nyingine hapana. Daktari alinieleza kwamba ni mafuta yanayotembea kwenye damu, na mengi yake mwili hujitengenezea wenyewe kutokana na sukari na wanga uliozidi. Nyama ya mafuta sili, lakini soda ya mchana, chai yenye sukari mara nne kwa siku na vitumbua vya asubuhi vilikuwa vikifanya kazi hiyo hiyo. Kisukari changu kisichotulia kikaongezea. Alichokihofia mno ni kongosho. Mafuta haya yakipanda sana, hasa yakipita 11, kongosho linaweza kuvimba ghafla, na kuna wanaopoteza maisha. Nikishikwa na maumivu makali juu ya kitovu, yanayopenya hadi mgongoni, tena natapika, nisisubiri kukuche.

Kisha akaniuliza natumia dawa gani. Nikasema za sukari tu.

Haikuwa kweli. Miezi minne kabla yake nilikuwa Dar kwa mwanangu, na hospitali ya huko iliniandikia atovastatini kwa ajili ya kolesteroli. Niliporudi niliendelea kuinunua. Nilinyamaza kwa haya: niliogopa daktari angedhani nazunguka kwa wenzake kwa kutomwamini. Akaniandikia jemfibrozili, dawa ya kushusha trigliseridi, ya miligramu 600, asubuhi na jioni, nusu saa kabla ya kula. Kwa alichokijua, hakukosea.

Wiki ya tatu mapaja yalianza kuuma. Nikasingizia kukanyaga cherehani, maana ilikuwa Shaabani na nguo za sikukuu zilikuwa zimejaa dukani. Siku ya nne nilishindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika meza. Alfajiri ya siku ya tano mkojo ukatoka na rangi ya chai ya rangi.

Nilikwenda duka la dawa kununua diklofenaki ya maumivu. Mfamasia, binti mdogo ambaye ningeweza kumzaa, hakuniuzia. Alinipa kiti, akauliza maumivu yameanza lini na nameza nini kila siku. Nilipokuwa namtajia, nikataja na ile ya Dar.

"Hizi mbili, mama, umeandikiwa na daktari mmoja?"

Nikamwambia hapana. Akanieleza taratibu: jemfibrozili huuzuia mwili kuiondoa atovastatini, ikarundikana kwenye damu, na misuli ikaanza kuharibika. Mabaki ya misuli ndiyo yaliyokuwa yanatia rangi mkojo, na yanaweza kuua figo. Ile diklofenaki niliyoitaka ingeziongezea figo mzigo. Aliniitia bajaji mwenyewe.

Wodini nililazwa siku tatu, dripu juu ya dripu, dawa zote mbili zimesimamishwa. Figo zilisalimika. Yule binti nilimshonea gauni la Idi, na bado naona sijamlipa.

Misuli ilipotulia na vipimo kurudi sawa, daktari alinianza upya, safari hii kila kidonge changu kikiwa juu ya meza yake. Alinipa fenofibreti, nayo ya kushusha trigliseridi, ambayo haigombani na statini (dawa za kundi la ile ya Dar) kwa kiasi kile, lakini hata hiyo hakuichanganya na ile ya Dar mara moja. Kwanza alipima ini na figo, kwa sababu dawa hii hutoka kwa njia ya figo, na zikiwa dhaifu dozi hupunguzwa au dawa huachwa kabisa. Aliniuliza kama nimewahi kuwa na mawe kwenye nyongo, na kama natumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini, kwani fenofibreti huiongezea nguvu mpaka mtu akavuja damu. Ya kwangu humezwa pamoja na chakula, mara moja kwa siku. Ramadhani nilikuwa nimeruhusiwa kufunga kwa sharti la kupima sukari mchana, na dawa nikaiweka kwenye futari. Futari yenyewe ilibadilika: kaimati niliacha, tende nikabaki na moja, mihogo ya nazi ikawa vipande viwili na samaki.

Shoga yangu aliniletea asali na mdalasini. Nilimshukuru kwa moyo, lakini asali ni sukari, na sukari ndiyo iliyonifikisha pale. Vidonge vya mafuta ya samaki vya dukani nilimwonyesha daktari kabla ya kuvifungua. Akasema ipo dawa ya aina hiyo inayoandikwa na daktari, tena kwa dozi kubwa, na vile vya dukani si mbadala wake.

Baada ya miezi mitatu trigliseridi ilisoma 2.4, na kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilikuwa kimetoka asilimia 11.2 hadi 7.6. Nilitaka kuacha dawa. Daktari alikataa, akaniambia tutazungumza baada ya vipimo vingine viwili.

Sasa ninao mfuko wa kitenge nilioushonea zipu. Ndani mna maboksi yote, hata ya panadoli, na daftari la tarehe za vipimo. Nikifika dirishani naufungua kabla sijaulizwa.