Pasheni badala ya bati

Fundi alipomaliza kusimamisha nguzo sita za mirunda nyuma ya nyumba yetu Kigamboni, aliniuliza bati ziko wapi. Nikamwambia hakuna bati. Akanyamaza kwa adabu, nadhani alijua nimeishiwa hela naona haya kusema. Lakini mimi nimeshakaa chini ya banda la bati mwezi wa Februari, saa nane mchana, na nilichotaka ni majani.

Majani gani, hapo ndipo nilipokwama. Mke wangu alitaka bogenvilia kwa ajili ya rangi. Naipenda nikiiona barabarani, ila haina vikono vya kujishikia: kila tawi ulifunge mwenyewe kwa kamba, na lina miiba, na watoto wetu hucheza pekupeku. Kwenye vitalu vya miche kando ya barabara nikashawishiwa tunbegia, ile yenye maua makubwa ya buluu, muuzaji akiapa kwamba baada ya miezi michache sitaliona jua. Namwamini kabisa. Nimeshaona mwembe wa watu ulivyomezwa na mmea huo mpaka kileleni, nami ukuta tunachangia na jirani. Mzabibu je? Hata huko Dodoma unakostawi, hupogolewa kila msimu wa mavuno, na misimu ni miwili kwa mwaka. Yaani mara mbili urudi juani.

Ikabaki pasheni. Hujishika waya yenyewe, haipukutishi majani yote kwa mpigo, na juisi juu yake. Muuzaji alikuwa na miche ya zambarau tu. Nilipofika nayo getini jirani yangu, bwana shamba mstaafu, akatikisa kichwa: "Hiyo ni ya milimani, kijana wangu. Huku pwani tafuta ya njano." Akaongeza kwamba ya njano haijichavushi, inataka chavua ya mche wa damu nyingine, ukipanda vipande vya mama mmoja utaona maua tele bila tunda. Basi nikanunua matunda matano sokoni Buguruni, kila moja kwa muuzaji wake, nikasia mbegu kwenye viriba.

Kabla ya kupanda nilifanya jambo ambalo majirani walilicheka. Nilitandaza turubai juu ya banda kwa muda, nikakaa chini yake Jumapili nzima na kiti kimoja, nikikihamisha kila jua liliponifikia. Jua la saa sita halikunisumbua kama nilivyodhani. La saa kumi ndilo lililoniumbua, maana huingia kwa ubavuni, na paa la juu haliwezi kulizuia. Kwa hiyo miche minne yote niliipanda upande wa magharibi, mwezi wa Machi masika yakianza, na waya nikaushusha kutoka juu mpaka karibu na ardhi ili mmea ufunge ubavu kwanza. Mchanga wa huku haushiki maji, nikachanganya samadi ya kutosha na kutandaza majani makavu, kwa kuwa mizizi ya pasheni iko juu juu. Nguzo zilikuwa zimeshapakwa oili chafu chini kwa ajili ya mchwa.

Agosti ikafika, mmea umefunika nusu tu ya paa, na joto la kaskazi linakuja. Hapo nikachomeka mbegu za dodoki nguzo za mashariki. Novemba paa lilikuwa limejaa, wageni wakikwepa madodoki yanayoning'inia usoni. Yalipokauka, pasheni ilikuwa imeshachukua nafasi, nasi tukagawa madodoki ya kuogea mtaa mzima.

Mama mkwe alionya tangu mwanzo: "Baba, mimea ya kutambaa ni nyumba ya nyoka." Nyoka sijamwona, ila panya walijenga mwaka wa pili, kwenye majani makavu yaliyorundikana juu. Tangu hapo napogoa kila Julai, wakati wa kipupwe, kivuli kikiwa hakina kazi sana. Mvua za vuli hurudisha majani kabla ya Desemba.

Matunda yalinichezea kidogo. Nilikuwa nikiamka alfajiri kuchavusha kwa kidole, nakuta maua yamefumba. Kumbe pasheni ya njano hufunguka adhuhuri! Baadaye kazi hiyo ilichukuliwa na yule nyuki mkubwa mweusi, duduvule, avumaye kama pikipiki iliyo mbali. Nikafurahi, mpaka nilipoona unga wa mbao mezani. Duduvule hutoboa mbao kavu ili atage, na mbao kavu ya karibu ilikuwa boriti yangu. Siwezi kumpulizia dawa, matunda yatakoma. Nikamtundikia gogo la mwembe mkavu pembeni, awe na kwake. Sasa anatoboa vyote viwili.