Sauti hafifu kwenye Linux: kabla ya kubadilisha spika

Ukitia Linux kwenye laptopu ya ex-UK (iliyotumika Uingereza) uliyonunua Luthuli Avenue, Nairobi, halafu sauti ikatoka kama redio iliyofungiwa kabatini, usikimbilie kulipia spika mpya. Mara nyingi spika ni nzima. Kasoro iko kwenye famuwea (programu ndogo inayoendesha kifaa chenyewe), au ALSA, sehemu ya sauti iliyo ndani ya kerneli (kiini cha Linux), au PipeWire iliyo juu yake, inayopeleka sauti ya programu zako kwenye kadi. Anza chini ukipanda.

Kwenye terminali andika aplay -l, amri inayoorodhesha kadi za sauti. Ikiwa hakuna kadi, na mipangilio ya sauti inaonyesha "Dummy Output" peke yake, kwa laptopu za Intel zenye maikrofoni ya kidijitali ishuku famuwea kwanza: sauti yake hupitia DSP (chipu ya kuchakata sauti) inayohitaji famuwea iitwayo Sound Open Firmware. Kwenye Linux ya aina ya Debian kifurushi ni firmware-sof-signed, kilicho kwenye hazina ya non-free-firmware. Kwenye Fedora ni alsa-sof-firmware. Sakinisha, zima mashine kabisa, kisha uwashe.

Kadi ikiwepo, fungua alsamixer, kidhibiti cha sauti cha ALSA kwenye terminali. Usiishie kwenye ukurasa wa kwanza, kwani mara nyingi huo ni wa PipeWire tu. Bonyeza F6 uchague kadi yenyewe. Sasa tazama chini ya safu ya Speaker. Ukiona MM, imenyamazishwa: bonyeza M. Pandisha Master na Speaker hadi 100. Nimesisitiza zote mbili kwa sababu Speaker ikibaki 40, hata ukikaza sauti kule juu kwenye PipeWire haitafika kiwango chake kamili.

Songa kulia hadi Auto-Mute Mode. Tundu la hedifoni likijaa vumbi, na Nairobi vumbi halituishii, swichi ya ndani inaweza kukwama, kadi ikadhani umechomeka hedifoni na kuzima spika. Weka Disabled ujaribu. Tundu lenyewe lisafishe kwa hewa, si kwa sindano. Hifadhi kwa sudo alsactl store, kisha upime kila upande:

speaker-test -c 2 -t wav

Sauti ikiwa bado ndogo, tafadhali usivuke asilimia 100. Ukivuka, vilele vya mawimbi hukatwa, na ule mkwaruzo unaousikia mtangazaji anapopaza sauti ndio huo. Tumia Easy Effects, programu ya kurekebisha sauti ya PipeWire. Weka ikwalaiza (inayopandisha au kushusha besi na sauti nyembamba) kwanza, kisha kompresa, limita (inayozuia sauti kuvuka kikomo) iwe ya mwisho. Kwenye ikwalaiza kata kila kitu chini ya Hz 120. Spika ndogo hazitoi besi hiyo ila huhangaika nayo, na nguvu inapotea bure. Ongeza dB 3 karibu na Hz 3,000, mahali t na k zinaposikika wazi. Kompresa huinua maneno ya chini, jambo la maana unapofuatilia somo huku matatu zinapiga honi nje. Limita iwe dB -1. Wanaoongeza besi kwa dB 10 hawapati besi, wanapata mtetemo wa plastiki.

Ukisikia "tik" kila video inapoanza, ni kadi inayoamka usingizini. Kwa zinazotumia draiva ya snd_hda_intel, andika mstari huu kwenye /etc/modprobe.d/sauti.conf kisha uwashe upya. Betri itapungua kidogo tu:

options snd_hda_intel power_save=0