Siku yangu kwenye ghala la ngozi za biva

Saa 2 asubuhi. Kabla ya kufungua milango nakagua ngozi, maana nondo wakishaingia kwenye manyoya hawatoki. Ninaongoza wageni kwenye makumbusho ndogo huku Lachine, kando ya Montréal, Kanada, kuhusu biashara ya kale ya ngozi za biva, yule mnyama wa mtoni anayeangusha miti kwa meno. Mitumbwi ya wafanyabiashara ilianzia hapa safari ya kwenda bara, ili kukwepa maporomoko ya Mto Saint Lawrence.

Saa 3. Wanafunzi. Nawabebesha furushi la kilo 40, mzigo wa kawaida wa zama zile. Wapagazi walibeba mawili kwa pamoja, mkanda ukipita kwenye paji la uso.

Saa 4:30. Mzee mmoja anauliza swali ninalolisikia kila wiki: “Kwani wenyeji wa Amerika si walidanganywa na Wazungu, wakatoa ngozi kwa shanga?”

Hapa huwa sina haraka. Nampa ashike ngozi ya biva. Juu kuna nywele ndefu ngumu, chini kuna sufu laini. Watengeneza kofia wa Ulaya waliitaka sufu, kwa sababu ikishindiliwa hushikamana kabisa. Ngozi waliyoithamini zaidi ilikuwa joho kuukuu, ambalo mwenyeji amelivaa hadi nywele ndefu zikapukutika na ngozi ikalainika kwa mafuta ya mwili. Mtu anauza nguo aliyokwisha kuivaa, anapata sufuria mpya ya shaba. Amepunjwa wapi? Kasisi Mfaransa Paul Le Jeune, aliyekaa na Wainnu, mojawapo ya makabila ya wenyeji, aliandika mwaka 1634 kwamba Mwinnu aliyempokea aliwaona Waingereza hawana akili: wanatoa visu 20 kwa ngozi moja! Kwetu Kigoma tunalielewa hili. Msafara uliofika Ujiji na shanga za rangi isiyotakiwa ulikwama nazo.

Saa 7 mchana. Maharage, chai, narudi kazini.

Saa 8. Zamu ninayoipenda kuliko zote, ya wanawake. Wao ndio waliokwangua na kulainisha ngozi, wakashona magome ya mitumbwi, wakasuka nyavu za viatu vya theluji. Namsimulia Thanadelthur, msichana wa kabila la Wadene aliyetekwa na kabila la Wacree, akatoroka, akafika kituo cha Kampuni ya Hudson's Bay, Waingereza walionunua ngozi, mwaka 1714. Mwaka uliofuata aliongoza msafara hadi kwa watu wake na kuwapatanisha na Wacree. Alipoona Mdene mwenzake ameleta ngozi mbovu, alimkemea mbele za watu. Alifariki mwaka 1717, angali kijana.

Saa 9:30. Ndui. Siwafichi wageni. Kati ya 1634 na 1640 maradhi yaliyokuja na Wazungu yaliua karibu nusu ya Wawendat, kabila la wenyeji waliokuwa madalali wakubwa wa biashara hii. Mwaka 1649 mashambulizi ya Wahaudenosaunee, muungano wa makabila mengine ya wenyeji, waliokuwa na bunduki za Waholanzi, yakawatawanya waliobaki. Kujua bei hakukuwakinga na hayo. Wazao wao wako Wendake, karibu na mji wa Québec, hadi leo.

Saa 11 jioni. Wageni wameondoka, namwandikia msimamizi ombi. Kofia ya biva ina kabati la kioo na taa yake. Kikwangulio cha mfupa, kilichotumiwa na wanawake kuandaa ngozi, kimo sandukuni stoo. Naomba kiwekwe kando ya kofia, kwenye kabati lilelile.