A tatu za SAMBAZA: vile nilijichorea fonti yangu hapa Bukavu

Mama mdogo anauza sambaza za kukaanga, vile visamaki vidogo vya ziwa Kivu, pale Kadutu. Akaniambia, "Papa, nitengenezee kibao, maandishi yawe manene, yacheke kidogo, mtu akipita na njaa ayaone kutoka ngambo ya barabara." Alitaka yale yale maandishi pia kwa status ya WhatsApp na kwenye vifuko. Nikasema hiyo kazi ya saa moja tu, nikashusha fonti moja (aina ya maandishi ya kompyuta) ya bure kwenye intaneti, ile minene ya kuchorwa na mkono, nikaandika SAMBAZA.

Akaangalia. "Hii ni mashini."

Na ni kweli! Ile neno iko na A tatu, na zote tatu zilikua na mguu wa kushoto umepinda palepale, ni A moja imerudiliwa, na mkono wa mtu haufanyi hivyo hata siku moja. Kiswahili nacho kinapenda A sana jamani, hapa njo fonti nyingi zinaumbuka.

Basi nikanunua markeri nene nikachora mwenyewe, herufi kubwa tu, kila moja mara mbili, A nilichora karibu kumi juu zile za kwanza zilikua zimenyooka kama ziko kanisani. Nikapiga picha na telefone mchana mlangoni (usiku taa inaleta kivuli), nikaingiza kwa Inkscape inageuza picha kuwa mistari, alafu FontForge inageuza ile mistari kuwa fonti, zote za bure, ila umeme wa kwetu mnaujua, mara mbili ulikatika kabla sijasevu.

Kuna njia ya kufanya fonti ibadilishe A yenyewe kila ikijirudia, nilihangaika nayo siku mbili ikanishinda, nikatumia ujanja wa zamani: A moja nikaweka mahali pa herufi kubwa, ingine mahali pa herufi ndogo. Sasa naandika SAMBaZA, ile A ya mwisho ni sawa na ya kwanza lakini ziko mbali moja na ingine, jicho halishtuki. Kati ya Z na A kulikua nafasi chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, inaweza kupita, nikazisogeza.

Nilipoharibu ni kwenye bei. Niliziandika na fonti ile ile, kwa udogo ule tundu za A na B zikazibwa na rangi, ikawa madoa matupu. Na tarakimu sikuchora hata moja! Kompyuta ikaokota 2000 kwenye fonti ingine, nyembamba, kama mgeni amekosea harusi. Aina hii ni ya jina tu, neno moja mbili kubwa, bei nikazirudia na maandishi ya kawaida.

Siku ya kutundika, mama mdogo alifagia mbele ya kile kibao mara tatu. Jirani yake akaniita palepale, naye anataka yake: BOUTIQUE. Q sina, niliiruka nikisema Kiswahili hakina kazi nayo.