Doa jekundu la Miró

Nimetoka sasa hivi kwenye duka dogo la picha hapa Barcelona, na bado nimeduwaa.

Nilikuwa nakimbia mvua tu.

Ukutani nikakuta litografia, yaani picha iliyochorwa juu ya jiwe kisha ikachapwa karatasini, ya mchoraji Joan Miró, mzaliwa wa mji huu (1893–1983). Doa jekundu, duara lisilofunga, na mstari mweusi mnene unaopinda kama mkia wa paka. Hamna mtu, hamna nyumba. Lakini lile doa! Weusi umelizunguka, basi linawaka kama kaa la jikoni usiku.

Mwenye duka akaniteremshia niitazame kwa karibu.

Chini kushoto, kwa penseli: 23/75. Yaani nakala ya 23 kati ya 75. Kulia, sahihi ya Miró.

Kwa kawaida kila rangi huchapwa kwa zamu yake, na jiwe lake. Ndiyo maana ukingoni mwa wekundu, manjano yamechungulia kidogo, upana wa unywele.

Unywele huo ndio umenikaa moyoni. Huo na ile penseli iliyofifia.

Jamani, mmewahi kusimama mbele ya rangi tu, mkashindwa kuondoka? Ilikuwa rangi gani?