Dawa nyekundu: niliogopa siku isiyo yenyewe

Nilipoambiwa nitapewa ile dawa nyekundu sikulala siku mbili. Ni dawa ya kemo, ya kutibu kansa, jina lake doksorubisini lakini wodini hakuna anayehangaika nalo, wagonjwa tunaiita nyekundu tu, "leo na we unapewa nyekundu?" na kila mtu anaelewa. Nilikuwa nimeshafanyiwa operesheni ya titi, uvimbe umetolewa pamoja na tezi za kwapani, daktari akasema raundi nne za nyekundu ikiambatana na siklofosfamidi, nayo dawa ya kemo, kila baada ya siku 21, afu hapo tutahamia dawa nyingine. Basi akili yangu yote nikaimalizia kwenye ile siku ya kwanza ya dripu, nivae nini, nani anisindikize, nikitapika mbele za watu itakuaje. Kumbe naogopa siku isiyo yenyewe. Siku ya dripu nesi yupo, daktari yupo, kila kitu kipo mkononi. Kazi ilikuja siku ya 11, usiku wa manane, nyumbani watu wamelala. Nitafika huko.

Kabla hata ya kuanza nilitumwa kufanya eko ya moyo, yani ultrasound ya moyo, nikashangaa, kansa ya titi na moyo wapi na wapi. Daktari akanieleza kwamba hii dawa inaweza kuudhoofisha msuli wa moyo, na ubaya wake ni kwamba inajumlishwa, yani dozi uliyopata zamani haifutiki, ndo maana kuna kiwango cha maisha yako yote ambacho wengi hawapendi kukivuka, kama miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Mi raundi zangu ni 60 mara nne, inakuja 240, kwahiyo nilikuwa mbali na mpaka. Ila akaniuliza mara tatu kama nimewahi kupewa dawa ya kansa huko nyuma, hata utotoni, au kupigwa mionzi kifuani, na kama nina presha. Hapo ndo nikaelewa kwanini mgonjwa unatakiwa kutunza karatasi zako mwenyewe, faili la hospitali linaweza kupotea ila moyo haujasahau. Hata kule kupima urefu na uzito nilikokuona ni mazoea tu, ndo dozi yenyewe inapigiwa hesabu hapo, so usisimame kwenye mzani na viatu na pochi begani kama nilivofanya mimi.

Kitu kingine ambacho kinatakiwa kuulizwa kabla ya tone la kwanza ni habari ya uzazi. Mi watoto ninao, halikuniumiza kichwa, lakini binti tuliyekaa naye siti za jirani alikuja kuulizia yuko raundi ya tatu, na hizi dawa zinaweza kuharibu mayai. Angeuliza mapema wangempa njia za kuchagua. Na wakati wa dawa mimba haitakiwi kabisa, iwe mgonjwa ni mwanamke au mwanaume, kwahiyo uzazi wa mpango uwepo hata kama hedhi imekata.

Sasa siku yenyewe. Kwanza wanatoa damu, majibu yakiwa chini unarudishwa nyumbani, usikasirike. Afu dawa za kuzuia kutapika, ndo nesi anakuja na glavu na gauni lake na bomba kubwa la sindano lina kitu chekundu kinang'aa kama wino. Haiwi kama dripu ya kawaida unayoachiwa inadondoka yenyewe. Alivuta kiti akakaa, akawa anasukuma taratibu mno huku maji ya dripu yanapita pembeni, kila baada ya muda anavuta nyuma kidogo mpaka aone damu inarudi kwenye mrija, afu anaendelea. Nikamuuliza mbona hivo, akasema nataka niwe na uhakika bado niko ndani ya mshipa, hii ikimwagika nje inachoma nyama, kidonda kinaweza kutokea hata siku kadhaa baadae na wengine huishia kufanyiwa upasuaji. "Ukisikia kuungua, kuuma, kubana, chochote, niambie hapohapo."

Raundi ya kwanza ilipita salama. Raundi ya pili mshipa ulisumbua, kwangu ni mkono mmoja tu unaotumika maana ule wa upande wa operesheni hawauchomi, nesi alinitoboa mara mbili na foleni nyuma ni ndefu, nikamuonea huruma. Alipoanza kusukuma nikasikia kama mwiba wa moto juu ya kifundo cha mkono. Nikanyamaza. Nikajisemea labda ndo ilivo, nikawa nahesabu tu kimoyomoyo, nimefika kumi na nne nesi akatupa macho miguuni akaona vidole nimevikunja. Akaacha kusukuma palepale. Akagusa ngozi, kuna kauvimbe kadogo kama pele la mbu. Hakuchomoa kanula, kale kamrija ka kwenye mshipa, haraka kama nilivotegemea, kwanza akavuta kupitia hiyohiyo ile iliyomwagika, ndo akaitoa, akachora mduara kwa kalamu kuzunguka pale ili waone kama kinaongezeka, akaweka barafu iliyofungwa kitambaa na kumuita daktari. Kwa hii nyekundu ni baridi, kuna dawa nyingine za kemo zinazotakiwa joto, kwahiyo usijifanyie mwenyewe nyumbani, rudi wakuangalie. Yangu ilikuwa ni matone tu, ngozi ilikuwa nyekundu ikabambuka ikapona. Ila maneno ya yule nesi sijayasahau: "Mama, mi huruma yako siitaki, nataka mdomo wako." Raundi ya tatu na ya nne nikawekewa kale kamrija kembamba kanakoingilia mkononi kwenda hadi karibu na moyo, nikashangaa kwanini sikuomba toka mwanzo.

Mkojo utakuwa mwekundu au wa rangi ya machungwa siku moja mbili, sio damu, ni rangi ya dawa. Mi niliambiwa na bado nilipiga kelele chooni. Hizo siku mbili flashi mara mbili na kifuniko kikiwa chini, na anayekufulia shuka zenye matapishi avae glavu. Maji kunywa mengi kwa ajili ya ile siklofosfamidi, inakera kibofu ikituama humo, so kojoa mara kwa mara hata ukiamshwa usiku, na hapo ukiona damu baada ya rangi kuisha hiyo sasa ni ya kuripoti. Dawa za kuzuia kutapika kunywa kwa saa uliyopangiwa, usingoje kichefuchefu kifike, kikishafika hata kidonge chenyewe kinarudi. Moja yao, ondansetroni, inaweza kukufungia choo, omba cha kulainisha mapema. Na ile deksamethasoni, nayo ya kuzuia kutapika, nilikuwa naimeza jioni, nikawa nakesha saa nane usiku napanga kabati, kumbe nikimeza asubuhi nalala vizuri tu.

Basi turudi siku ya 11, hii ilikuwa raundi ya kwanza kabisa. Wiki ya kwanza nilichoka nikalala, siku ya saba nikaamka mzima, nikafua, nikatembea, nikasema kumbe nyekundu ni maneno ya watu. Hakuna aliyeniingiza akilini (au walisema sikusikia, ile siku ya semina ya wagonjwa nilikuwa nimejaa hofu) kwamba chembe nyeupe za damu hazishuki siku ya dripu, zinashuka taratibu mpaka zinafika chini kabisa kati ya siku ya 10 na ya 14 hivi. Yani we unajisikia umepona ndo kwanza hauna mlinzi hata mmoja. Saa saba usiku nikaanza kutetemeka. Thamomita ilikuwepo, bado iko kwenye plastiki yake, dada yangu akaichana kwa meno tukapima, 38.4. Mi nikamwambia nipe parasetamoli nilale tutaenda kesho. Akasema subiri, ile karatasi ya maelekezo uliyopewa inasemaje? Karatasi ilisema joto likifika 38 njoo muda huohuo, usiku au mchana, na usimeze dawa ya kushusha homa kwanza kwa sababu inaficha. Kidonge kilikuwa tayari kiganjani.

Tukafika emajensi tukaambiwa kaeni kwenye foleni. Tumekaa dakika arobaini. Kosa letu tulisema "ana homa", na nani siku hizi hana homa. Dada ndo akasimama akasema kwa sauti, "huyu yuko kwenye kemo, siku ya kumi na moja, joto thelathini na nane nukta nne." Daktari aliyekuwa anapita na faili akageuka hapohapo. Damu ikatolewa, antibayotiki ikaanza kupitia mshipa kabla hata majibu hayajatoka. Neutrofili, hizo ndo chembe zinazopigana na bakteria, zilikuwa 0.3, na za mtu mzima mwenye afya huwa juu ya moja na nusu. Sikuwa na kikohozi, sikuwa na kidonda, hakuna usaha popote, nikauliza sasa hiyo infeksheni iko wapi. Akaniambia usaha nao unatengenezwa na hizohizo chembe, huna, kwahiyo homa inaweza kuwa ndo dalili pekee utakayopata. Nililazwa siku tano.

Kuanzia raundi ya pili nikawa napigwa sindano ya kupandisha chembe, inapigwa kuanzia siku inayofuata baada ya dripu sio siku ileile, na inauma mifupa, nyonga na mgongo vinagonga kama ngoma. Bora hayo. Thamomita ikahamia chini ya mto, na kwenye kalenda ya simu siku ya 10 hadi 14 nikaweka alama nyekundu, wageni wenye mafua hizo siku hawaingii, hata awe nani.

Nywele zilianza kutoka siku ya 16 nikiwa naoga, kwa mafungu, nikanyoa zote jioni ile. Sina mengi hapo, ziliota. Mdomo ndo ulinitesa zaidi, vidonda hata mate hayamezeki, kilichonisaidia ni mswaki laini na kusukutua maji yenye chumvi kidogo na magadi ya kuokea mara kwa mara, sio zile dawa za kusukutua zenye pombe zinazounguza. Kuna jamaa yangu alileta dawa ya mitishamba kwa upendo kabisa, nikaipiga picha nikamtumia mfamasia, akanikataza kwa sababu nyekundu inachakatwa na ini na haijulikani ile chupa ina nini ndani. Jamaa alinuna kama mwezi.

Nilipomaliza ya nne nikarudishwa eko, moyo ulikuwa sawa, ila wamesema watauangalia tena huko mbele kwa sababu madhara mengine huchelewa, hata miaka. Nikipanda ngazi pumzi zikikata kuliko kawaida, au miguu ikivimba, nisisingizie umri. Ile karatasi ya dozi, 240, nimeipiga picha iko kwenye simu yangu, na kwa dada, na mwanangu mkubwa anayo.